Prado 95, spesa za milimita 50 na breki zilizopotea: nisaidieni wakuu (niko Mwanza)

Ngosha wa Dagaa (mwanzisha uzi)

Mwadila wakuu.

Mnivumilie, uzi huu una urefu wa foleni ya kivuko enzi zile.

Nina Toyota Prado 95, injini ya dizeli ya 1KZ-TE, mwaka wa sita huu tuko pamoja. Si gari ya kwendea kanisani. Nafuata dagaa kwenye mialo ya Buchosa, mara mojamoja Ukerewe, narudi nazo Kirumba, Mwaloni. Lami hainisumbui, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 habari ya kulala kwenye foleni imekwisha. Kinachonimaliza ni kilomita nane za mwisho kushuka ziwani. Aliyekulia Usukumani anaijua mbuga: ule udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza simu, mvua ikinyesha siku mbili unakuwa ugali wa moto. Fuso zikipita zinachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta. Zenyewe zina miguu mirefu. Mimi nikiingia humo nalala tumbo juu ya tuta, matairi yanazunguka bure, na madogo wa kijijini wanakuja kukaa kwenye kivuli cha gari wakisubiri nitaje bei ya kusukuma.

Masika haya nimekwama mara tatu. Ya tatu ilinikuta na gunia kumi na mbili, mvua ikapenya turubai, na zilizofika Kirumba nikaziuza kwa watu wa chakula cha kuku. Nikasema basi, gari inanyanyuka.

Fundi (gereji siitaji, msiniulize hata inbox) akaniambia springi mpya ni hela ya bure, dawa ni spesa, vile vipande vya kuongezea kimo. Nikamwambia nataka inchi mbili. Akapiga hesabu papo hapo: inchi mbili ni milimita 50, akakerezesha spesa za nailoni za milimita 50, mbele akaweka juu ya shokapu, nyuma akaweka kwenye springi. Siku moja kazi imekwisha.

Nilivyoiona imesimama, sifichi, nilipiga picha kumi na saba. Ila mbele ilikuwa imepanda kuliko nyuma. Imekaa kama mtumbwi wenye injini nzito mkiani. Fundi akasema itashuka, itazoea.

Leo ni wiki ya tano. Haijazoea. Matatizo:

Buti la sivi jointi (raba inayofunika kiungo cha shafti ya tairi ya mbele) la kulia limepasuka, grisi imerukia rimu yote kwa ndani. La kushoto lina ufa.

Tairi za mbele zinalika upande mmoja. Nimepeleka alaimenti, kunyooshwa pembe za tairi, kijana akanipa karatasi yote nyekundu, akasema, "Kaka, bolti nimezungusha mpaka mwisho, hapa hakuna pa kwenda."

Nikipita tuta la barabarani kunatoka mlio "ngo!" mbele, tairi ikiwa inashuka upande wa pili wa tuta, si ikiwa inapanda.

Usiku barabara ya Geita kila ninayepishana naye ananipigia taa kama nimebeba jua.

Na hili ndilo linanitisha: breki. Gari tupu haina neno. Nikibeba mzigo, nikikanyaga, pua inazama na nyuma kama haishiki kabisa. Fundi amebadilisha breki shuu za nyuma, juzi masta silinda, ile pampu ya breki. Bado iko vilevile.

Nifanyeje? Nirudishe kama ilivyokuwa, au kuna njia?

---

Chuma cha Buzuruga

Picha mkuu. Uzi wa gari bila picha ni kama sato bila ndimu.

---

Ngosha wa Dagaa

Bando mkuu. Jioni.

---

Y60 Haifi

Mimi Patrol yangu nimenyanyua inchi nne mwaka wa tatu huu, sijawahi kuona hayo yote. Prado ni gari za mayai. Uza, nunua gari.

---

Fundi Baiskeli

Ngosha, kabla hujabadilisha kitu kingine chochote, chukua futikamba. Simamisha gari sehemu tambarare, haina mzigo. Pima kutoka katikati ya tairi, pale kwenye kikombe cha katikati ya rimu, kwenda juu wima mpaka ukingo wa bodi. Tairi zote nne. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi ikikosa upepo itakudanganya. Halafu tafuta Prado 95 ya mtu ambayo haijaguswa, pima hivyohivyo. Lete tofauti.

Jina langu lisikutishe. Nilianza na baiskeli, sasa ni miaka ishirini kwenye magari.

---

Ngosha wa Dagaa

Nimepima na ya jirani yangu hapa Nyakato. Nyuma imezidi ya kwake kwa sentimita 5. Mbele imezidi kwa sentimita 9 na nusu, pande zote.

Spesa zote ni milimita 50, nimemwona akizipima kwa macho yangu. Hiyo 4 na nusu ya ziada imetoka wapi?

---

Fundi Baiskeli

Nilijua. Ngoja nikueleze taratibu, maana kosa hili naliona kila mwezi, na gari inayoletwa ni hii hii au Surf 185, ambayo chini ni ndugu yake.

Nyuma ya Prado 95 kuna ekseli nzima, bomba moja kutoka tairi hadi tairi, na springi imekaa karibu juu ya hilo bomba. Ukiweka spesa ya 50, bodi inapanda 50. Hapo fundi wako alikuwa sahihi.

Mbele hakuna ekseli nzima. Kila tairi imeshikwa na wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma, ya juu na ya chini, na shokapu pamoja na springi yake vimesimama kwenye wishiboni ya chini, si kwenye tairi. Vimesimama karibu na katikati yake. Wewe ni mtu wa ziwani, chukua kasia. Ukilisukuma pale ulipolishika kwa shibiri moja, ncha ya majini inasafiri mbali zaidi. Wishiboni ni kasia. Spesa ya milimita 50 pale juu ya shokapu inaisukuma tairi chini kwa karibu mara mbili. Ulitaka inchi mbili, umepewa karibu nne. Kwa inchi mbili mbele, spesa ilitakiwa iwe ya milimita 25 hivi.

Sasa soma matatizo yako upya, uone yote yana mama mmoja.

Sivi jointi: difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi) imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo umeipandisha juu pamoja na bodi, tairi imebaki chini. Shafti ambazo zilitakiwa kulala karibu usawa sasa zinateremka kama ngazi za Bugando. Mikunjo ya buti inasagana yenyewe kwa yenyewe. Na Prado 95 ni ya kuvuta miguu minne muda wote, hakuna kupumzisha mbele. Kila kilomita ya lami unazila.

Mlio wa "ngo": boljointi ya juu, kile kiungo kinachounganisha tairi na wishiboni, imefika mwisho wa safari yake. Tairi ikining'inia baada ya tuta, haina pa kwenda tena, chuma kinagonga chuma. Huo usiuchezee. Boljointi ikichomoka tairi inalala, na hutachagua inalala ukiwa wapi.

Alaimenti: kijana amesema ukweli. Zile bolti zina mwendo wake, umeumaliza. Mpe soda.

Taa: umeinua pua, taa nazo zimetazama juu. Kuna skrubu nyuma ya taa, zishushe leo hii, ni dakika kumi.

Kuna lingine hujalitaja kwa sababu hujaligundua bado. Spesa inashusha shokapu nzima bila kuirefusha. Kwa hiyo kwenye shimo kubwa shokapu inafika mwisho wa kubonyea kabla ile raba ya kugongea haijafanya kazi. Unaigonga shokapu kwa ndani. Itaanza kuvuja.

Breki nakuja nayo kesho, hiyo ni hadithi yake peke yake. Kwa leo usibebe mzigo.

---

Chuma cha Buzuruga

Huyu si fundi baiskeli, huyu ni mwalimu wa fizikia amejificha.

---

Mama Kulwa

Habari zenu. Naendesha Land Cruiser 79, mkonga, kazini. Miaka kumi na moja Magu, Misungwi, Sengerema, mpaka ndani kabisa ambako hata bodaboda wanakuuliza kama umepotea. Gari halijainuliwa hata nusu inchi na halitainuliwa, si langu.

Mdogo wangu Ngosha, swali langu: mara hizo tatu ulizokwama, upepo wa tairi ulikuwa kiasi gani?

---

Ngosha wa Dagaa

Shikamoo dada. PSI 35 zote. Wakati mwingine nyuma naongeza mpaka 40 nikibeba.

---

Mama Kulwa

Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia, na ni bure.

Kabla sijaingia mbugani au kwenye mchanga wa ufukweni nasimama pakavu, nashusha mpaka 20, mbovu zaidi 18. Tairi inatanuka, inakanyaga kama mguu wa ngamia badala ya kukata kama kisu. Mwendo wa pole, hakuna kukata kona kwa fujo, tairi itavuka rimu. Nikitoka najaza tena kabla ya lami, na hapa ndipo watu wanadanganyana: ukishusha lazima uwe na pa kujazia. Nina kompresa ya betri, ile ya volti 12, inachukua dakika tano kila tairi. Kaa chini ya mwembe, kunywa maji.

Na tairi zako ni za lami, au siyo? Udongo wa mbuga ukijaa kwenye vijinjia vyake hautoki, unabaki na donati nne za udongo. Pandisha gari hata futi moja, donati ni donati.

---

Ngosha wa Dagaa

Ni za lami dada. Nimekaa kimya kwa aibu.

---

Y60 Haifi

Mama Kulwa heshima yako, lakini upepo hauvuki tuta. Tuta likiwa refu kuliko tumbo la gari, ni tuta tu. Kunyanyua kuna kazi yake.

---

Fundi Baiskeli

Y60 kwa hili yuko sawa, ila nimrudie kidogo na ile hadithi yake ya inchi nne bila tatizo.

Patrol yako ina ekseli nzima mbele na nyuma. Ndiyo maana huna sivi jointi zinazoteremka wala wishiboni. Lakini swali: ukishika themanini barabara ya Shinyanga, usukani umetulia, au unaendesha kama mtu anayepembua mchele?

---

Y60 Haifi

Inatafutatafuta kidogo. Nimezoea.

---

Fundi Baiskeli

Umezoea ugonjwa. Gari la ekseli nzima ukiliinua, zile fimbo zinazoshika ekseli zinabadilika pembe, na ekseli inazunguka kidogo kwenda mbele. Pembe ya kasta inapungua. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona, kama gurudumu la toroli ya dukani linavyojinyoosha nyuma ya nguzo yake. Inchi mbili zinakula kama digrii mbili. Inchi nne umebaki karibu na sifuri. Kuna bushi (zile raba za kwenye viungo) maalumu zenye tundu lililokaa pembeni, zinairudisha. Wekeza huko kabla hujanunua taa nyingine za juu.

Na nyote wawili mna ile fimbo ya mshazari inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Upande mmoja imefungwa kwenye chesisi, mwingine kwenye ekseli. Ukiinua gari fimbo inasimama zaidi, inaivuta ekseli kuelekea upande wa chesisi. Angalia gari lako kwa nyuma, utaona tairi moja imetokeza kuliko mwenzake. Milimita chache haziui mtu. Kwa inchi nne, weka fimbo inayorekebishika urefu.

Sasa ukweli ambao hakuna muuza springi anayekuambia. Kuinua springi hakuinui ekseli. Difu ya nyuma ya Prado, na zote mbili za Patrol, ziko palepale zilipokuwa, kwa sababu zimekaa kwenye tairi. Ulichoinua ni tumbo, tangi, ngazi za pembeni, na pembe za kuingilia na kutokea, zile zinazokusaidia kwenye mdomo wa kivuko cha Kisorya usikwaruze bampa. Kile kitunguu cha difu kinainuliwa na kitu kimoja tu: tairi kubwa.

Fanyeni hesabu. Tairi ya 265/70R16 ina kimo cha milimita 777. Ukienda 265/75R16 unapata 804. Kimo kimeongezeka 27, difu imepanda nusu yake, milimita 13. Ukienda 285/75R16 ni 834, difu imepanda milimita 28, lakini kwenye Prado hiyo itakula plastiki za bampa ukikata kona, utaanza kukata bodi, na injini ya 1KZ itakulalamikia kila kilima. Tena spidomita inadanganya. Ukifunga hiyo 285, ukisoma 50 uko karibu 54. Na mnajua wapi wanasimama na tochi.

---

Chuma cha Buzuruga

Elfu thelathini hiyo. Nimewahi kuilipa kwa sababu ya tairi, ushahidi ninao.

---

Fundi Baiskeli

Breki.

Ngosha, lala chini ya gari nyuma, tazama juu ya ekseli upande wa chesisi. Utaona kitu cha chuma chenye mirija ya breki inayoingia na kutoka, na fimbo yenye springi inayoshuka kutoka hapo mpaka kwenye ekseli. Hiyo ni valvu inayopima mzigo. Gari likibeba, bodi inashuka, inaikaribia ekseli, fimbo inasukumwa, valvu inafungua mafuta mengi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, valvu inabana mafuta ya nyuma ili tairi za nyuma zisijifunge ukateleza.

Valvu haina macho. Haijui kilo. Inajua umbali tu kati ya bodi na ekseli. Umeinua bodi sentimita 5, kwa hiyo hata ukipakia gunia kumi na tano, yenyewe inaona gari tupu. Inakubania breki za nyuma wakati unazihitaji kuliko wakati wowote. Masta silinda yako ya zamani ilikuwa nzima. Kama hujaitupa, itunze.

Dawa: pale fimbo inapofungwa kwenye ekseli kuna kibano kidogo. Kiinue kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Kipande cha bapa nene, matundu mawili, bolti mbili. Halafu toa upepo kwenye breki, ujaribu sehemu isiyo na watu.

---

Mama Kulwa

Miaka yote hii nimekiona hicho kidude nikadhani ni cha kuzuia mirija isining'inie. Asante fundi.

---

Ngosha wa Dagaa

Wakuu nimelala chini ya gari juu ya gunia, tochi ya simu mdomoni. Ipo. Fimbo yake imenyooka mpaka mwisho kama mkono wa mtoto anayevutwa kwenda shule. Nimechungulia na ya jirani kulinganisha (amenishangaa, gari yake imekuwa ya maabara): ya kwake imepinda, ina nafasi ya kucheza. Yangu haina hata uzi wa nafasi.

Nimekerwa, si uongo. Hela ya masta silinda ingelipa nusu ya tairi mbili.

Naenda kwa mchomeleaji.

---

Ngosha wa Dagaa

Marejesho. Kipande kimetengenezwa, kimefungwa. Nimepakia gunia kumi za mchanga nikaenda barabara ya ndani kule mbele ya Kisesa asubuhi saa kumi na mbili, hakuna mtu. Nimekanyaga kutoka 40. Gari imekaa chini yote kwa pamoja, kama kuku anayeatamia. Pua haijazama kama zamani. Nimerudia mara nne kwa raha tu.

Taa nimezishusha. Spesa za mbele nimezitoa zote mbili jana, nyuma nimeziacha kwanza. Sasa pua iko chini mkia juu, inaonekana kama inanusa barabara. Nasubiri hela ya springi. Fundi Baiskeli, ninunue nini?

---

Fundi Baiskeli

Springi zinauzwa kwa mzigo, si kwa urefu peke yake. Muuzaji atakuuliza unabeba nini muda wote. Mwambie ukweli. Watu wananunua zile ngumu za mzigo mzito kwa sababu zinasikika kiume, halafu gari tupu linaruka kama mbuzi na tairi haigusi barabara nusu ya safari. Wewe nusu ya safari uko tupu. Chukua za mzigo wa kati nyuma, za kawaida mbele, na mwinuko wa inchi mbili. Usizidishe. Prado 95 kwa inchi mbili bado shafti zinaishi. Ukitaka tatu utaanza kununua wishiboni za juu, kushusha difu ya mbele kwa vibano, na hela haitaisha kutoka.

Nunua shokapu ndefu zilizotengenezwa kuendana na hizo springi. Springi ndefu kwenye shokapu fupi ni kamba ya mbwa: tairi inataka kushuka, shokapu inaivuta.

Angalia na mipira ya breki. Nyuma kuna mmoja unaotoka chesisi kwenda ekseli. Ning'iniza ekseli mpaka mwisho, uone kama unavutwa. Ukivutwa, urefushe. Usiseme tutaona.

La mwisho, na fundi yeyote akikukatalia hama gereji: bolti za bushi zote zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, si likiwa juu ya jeki. Raba ya bushi inajikunja kutoka pale ulipoikazia. Ukiikaza tairi ikining'inia, gari likishuka raba imeshasokotwa, na itaishi imesokotwa mpaka ichanike. Hapo ndipo mtu anasema bushi za siku hizi feki.

---

Mama Kulwa

Na shovel nyuma ya siti. Sijasikia mtu akiitaja.

---

Mgeni Kisumu

Niko upande wa pili wa ziwa, nasoma tu kimyakimya. Udongo wetu wa Ahero ni uleule, mweusi, mvua ikinyesha ni balaa. Nilitoa springi Nairobi, za Australia, Old Man Emu, za Prado kama hiyo. Zimekaa poa. Kitu moja tu, ukishafunga usiende alaimenti siku hiyo. Endesha wiki hivi, springi zikae, ndio uende.

---

Fundi Baiskeli

Mgeni amesema kweli. Karibu ndugu.

---

Ngosha wa Dagaa

Wakuu, miezi miwili imepita, nimerudi na majibu.

Springi na shokapu zimekuja na basi kutoka Nairobi kupitia Sirari. Kufunga imechukua siku mbili, fundi mwingine, mtu mzima, mpole. Nilimsomea maneno ya bushi akacheka, akasema, "Kijana, nilikuwa nakaza hivyo kabla hujaota meno." Bolti zote kazikaza gari ikiwa chini, amelala mgongo kwenye shimo la gereji. Kibano cha valvu nilikiacha palepale maana mwinuko wa nyuma ni uleule.

Nimepima tena na Prado ya jirani (ameshaanza kunidai chai): mbele sentimita 5 na kidogo, nyuma 5 na nusu ikiwa tupu. Ikiwa na gunia kumi na mbili inakaa sawasawa. Alaimenti nilingoja siku tisa. Kijana yuleyule, karatasi ya kijani tupu, na soda yake nikampa.

Tairi nimechukua 265/75R16 za matope. Zinavuma kwenye lami, mke wangu anasema ni kama kukaa ndani ya mashine ya kusaga. Mama mkwe naye ameshindwa kupanda, sasa tunasafiri na kigoda.

Mbugani. Hapa niseme ukweli kwa sababu uzi wenyewe ulianza na uongo wa "itazoea". Safari ya kwanza nilishusha upepo mpaka 20, nikaingia kwenye mifereji ileile ya Fuso. Tumbo halikulala. Nilisikia difu ya nyuma inalima tuta taratibu, krrrr, kama jembe, mita mia hivi, lakini gari inaenda. Nimetoka nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Safari ya tatu nikakwama. Si tuta. Nilijiona Fuso, nikakata kona kukwepa dimbwi, nikaingia shamba la mpunga la watu. Mama Kulwa, shovel ilikuwepo. Haikutosha. Akaja kijana na ng'ombe wanne wa plau, akafunga mnyororo nyuma, ng'ombe wakavuta bila hata kupumua vibaya. Elfu ishirini. Alipomaliza akainama akaangalia chini ya gari, akauliza, "Si ndiyo hii mlisema mmeinua?"

---

Y60 Haifi

😂😂 Ng'ombe hawana kasta wala alaimenti.

Nimefunga zile bushi lakini, fundi. Usukani umetulia mpaka nikahisi kuna kitu kimeharibika.

---

Nyegezi Mpya

Wakuu uzi mzuri sana, nimesoma wote. Ngosha, zile spesa za nailoni za 50 bado unazo? Nina Surf 185, nataka kuinua inchi mbili tu. Nakuja kuzichukua leo, sema bei.

---

Ngosha wa Dagaa

Umesoma wote?

Siuzi mkuu. Mbili zinazuia mlango wa stoo Kirumba upepo wa ziwa usiubamize, na mbili kijana wangu amezifanyia matairi ya gari la boksi.

---

Fundi Baiskeli

La boksi linazitosha. Nyegezi, njoo na futikamba.